Picha ina ukungu, nembo ina vumbi, ukurasa haufunguki: kosa liko wapi?

Picha nyingi zinazolaumiwa kuwa zimeharibiwa na printa ziliharibika kabla ya kuifikia. Mashine inachapa kilichomo ndani ya faili, na kioo cha simu cha inchi sita huficha mengi. Kabla hujagombana na mwenye steshenari au kununua tona mpya, angalia mambo matatu: picha ina pikseli (vinukta vinavyoiunda) ngapi kwa upana na urefu, itachapwa kwa sentimita ngapi, na faili ni la fomati gani (JPEG, PNG, PDF na kadhalika).

Kwenye Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, kisha Details. Kwenye simu ya Android fungua picha, ivute kwenda juu au gusa vidoti vitatu, nawe utaona kitu kama 4000 × 3000. Gawanya kila namba kwa 300, yaani pikseli 300 kwa kila inchi (programu huiita DPI), zidisha kwa 2.54, jibu ni sentimita ambazo picha itachapwa ikiwa safi kwa mtu anayeisoma mkononi. Hiyo ya 4000 × 3000 inafika sentimita 33.9 kwa 25.4, yaani inajaza A4 na kubakiza. Kwa kwenda kinyume, A6 inahitaji pikseli 1240 × 1748, A5 inahitaji 1748 × 2480, A4 inahitaji 2480 × 3508 na A3 inahitaji 3508 × 4961.

Namba ya 300 inategemea umbali wa macho, kwa hiyo usiitumie kila mahali. Kipeperushi na kadi ya mchango vinashikwa mkononi, basi 300. Bango la A1 ukutani linatosheka na 150. Bana ya mita 3 kwa 1 inayofungwa juu ya geti au kando ya barabara ya Makongoro jijini Mwanza inaridhika na 72 hadi 100. Kwa 72 hiyo ni pikseli 8504 × 2835, na TIFF yake (fomati ya picha ya wachapaji) ya CMYK (rangi nne za wino) isiyobanwa ina karibu MB 96. Anayeng'ang'ania 300 kwenye bana hiyo anatengeneza faili la zaidi ya GB 1.6 linaloigandisha kompyuta, na abiria aliyeko dirishani mwa daladala haoni tofauti yoyote.

Kwenye simu ni safi, kwenye karatasi ina ukungu

Mtuhumiwa wa kwanza ni WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa hadi upande mrefu ubaki na pikseli kama 1600, kisha hubanwa tena kwa JPEG. Pikseli 1600 kwa 300 ni sentimita 13.5 tu. Ukiitandaza kwenye upande mrefu wa A4 unabaki na 137 kwa inchi, na kwenye A3 unabaki na 97. Kwa kadi ndogo hakuna shida, kwa jalada la kalenda ni shida tupu.

Tuseme mwenye picha yuko Nansio, kisiwani Ukerewe, na wewe uko mjini, hakuna haja ya kumngoja avuke na meli akiwa na flashi. Mwambie aitume kama dokumenti: agonge alama ya kiambatanisho, achague Document, kisha alitafute faili la picha. Hapo faili linafika kama lilivyo, pikseli zote na ubora wote. Chaguo la HD lililokuja mwaka 2023 linasaidia, lakini nalo linabana. Angalizo moja: kama yeye mwenyewe aliipokea kwa WhatsApp, kuituma kama dokumenti hakurudishi kitu. Lazima ipatikane kwenye simu au kamera iliyoipiga.

Skrinshoti inafuata. Skrini ya simu nyingi ina upana wa pikseli 1080, yaani sentimita 9.1 kwenye karatasi, na picha iliyokuwa ndani ya skrini hiyo huwa ndogo zaidi kwa sababu pembeni kuna vitufe na majina. Picha zilizotolewa Facebook au kwenye tovuti ziko kundi hilohilo.

Halafu kuna ujanja usiosaidia: kufungua picha ya pikseli 800, kuandika 300 kwenye kisanduku cha rezolusheni, na kuamini kazi imekwisha. Kama kisanduku cha Resample kimewekewa alama, programu inabuni pikseli mpya kwa kukisia kutoka kwa zile za jirani. Picha inakuwa kubwa na laini kama imepakwa mafuta. Kama hakina alama, pikseli zinabaki 800 na picha itachapwa kwa sentimita 6.8. Namba ya DPI iliyoandikwa ndani ya faili haiongezi pikseli hata moja.

Wakati mwingine picha ilikuwa nzuri, ikaharibiwa na programu ya kati. Word hupunguza picha hadi 220 kwa inchi unapohifadhi, kama haijaambiwa vingine. Nenda File, Options, Advanced, kwenye sehemu ya Image Size and Quality weka alama kwenye Do not compress images in file, na ufanye hivyo kabla ya kuingiza picha. Ukichelewa, pikseli zilizotupwa hazirudi. Canva nayo ina PDF mbili: ya kawaida hutoka kwa 96, ya kuchapa hutoka kwa 300. Wengi huchukua ya kwanza kwa sababu ni nyepesi kupakua.

Na kama picha ina ukungu hata ukiitazama kwenye kompyuta kwa ukubwa wa 100%, basi mkono ulitikisika au lenzi ilikuwa na alama za vidole. Fomati haiponyi hilo. Piga upya.

Picha ya zamani kwa ajili ya ratiba ya mazishi

Kazi hii huja kwa haraka, huja usiku, na mara nyingi picha pekee iliyopo ni paspoti ya milimita 35 × 45. Usiipige kwa simu ukiwa chini ya taa ya umeme, mwanga utaruka juu ya karatasi ya kung'aa. Iweke kwenye skana, futa kioo kwanza kwa kitambaa kikavu, na weka 600. Utapata pikseli 827 × 1063, yaani picha safi ya sentimita 7 × 9 ukurasani. Kwa jalada la A5 saizi hiyo ndani ya fremu inapendeza kuliko uso uliovutwa hadi ujaze karatasi. Kwenda 1200 kunaongeza pikseli, lakini karatasi ya picha mara nyingi haina undani zaidi wa kutoa. Utakachokuza ni mikwaruzo.

Kama skana haipo, simu inaweza kufanya kazi hiyo mchana, karibu na dirisha, bila flashi. Picha ilale mezani na simu iwe sambamba nayo, kimo cha sentimita 30 hivi. Ukisogea karibu zaidi, lenzi inavimbisha katikati, na sura ya marehemu inabadilika. Hilo familia italiona mara moja.

Ukiskani picha iliyokatwa gazetini au kwenye kalenda, utaona mawimbi na miraba ambayo haikuwepo. Picha ya gazeti imejengwa kwa nukta za wino, na nukta hizo zikikutana na gridi ya skana hutengeneza michoro yake. Washa Descreen kwenye programu ya skana, au skani kwa 600, lainisha kidogo kwa ukungu wa pikseli 1 hadi 2, kisha punguza hadi nusu. Haitakuwa kama picha halisi, lakini mawimbi yataondoka.

Herufi na nembo zimezungukwa na vumbi

JPEG huigawa picha katika vigae vya pikseli 8 × 8, kisha ndani ya kila kigae hutupa mabadiliko madogo ambayo jicho haliyajali. Kwenye mawingu juu ya ziwa hakuna atakayegundua. Kwenye herufi nyeusi juu ya nyeupe mpaka ni mkali, na kilichotupwa kinaacha vijidoadoa vya kijivu kandokando. Herufi nyekundu juu ya buluu huumia zaidi, kwa sababu JPEG nyingi huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga, pikseli nne zikigawana rangi moja. Kila ukifungua, kuhariri na kuhifadhi tena, vumbi linaongezeka. Kuihifadhi JPEG hiyo kama PNG hakuisafishi. Kunalihifadhi vumbi kwa uaminifu. Na kubadilisha jina kutoka .jpg kwenda .png kwa mkono hakubadilishi chochote ndani ya faili.

Kwa tovuti, hifadhi nembo na michoro ya rangi chache kama PNG, au SVG kama unayo. Kwa kuchapa, nembo iwe ya vekta: mistari na maumbo yanayochorwa kwa hesabu, yanayobaki makali kwenye kadi ya biashara na kwenye bana vilevile. Faili lake huwa SVG, EPS, AI, CDR au PDF.

Taasisi nyingi zitakwambia hazina vekta ya nembo yao. Kabla ya kuichora upya, omba PDF ya ripoti, barua au cheti chochote kilichosanifiwa kitaalamu, kifungue na ukuze nembo hadi 1600%. Ukingo ukibaki mkali kama wembe, umeipata: fungua ukurasa huo kwenye Inkscape, programu ya kuchorea vekta, futa vingine vyote, hifadhi kama SVG. Ukingo ukigeuka ngazi ngazi, ni picha tu iliyobandikwa. Hapo ndipo unaichora upya juu yake. Zana za kugeuza picha kuwa vekta zenyewe zinafaa kwa nembo yenye rangi mbili tatu. Ukizipa nembo yenye samaki mwenye magamba na mitumbwi midogo, utapata mabaka.

Nembo imekuja na kisanduku cheupe, au cheusi

JPEG haina sehemu isiyo na rangi. Nembo iliyokuwa na mandharinyuma wazi, ikihifadhiwa kama JPEG, hujazwa rangi, mara nyingi nyeupe, na baadhi ya programu hujaza nyeusi. Tumia PNG. Kuna na mtego wa tatu: umepakua "PNG" mtandaoni, ukaiweka kwenye kazi, ikatokea na miraba ya kijivu na nyeupe kama ubao wa drafti. Miraba ile ni alama ya programu kuonyesha uwazi. Hapa mtu aliipiga skrinshoti na kuihifadhi pamoja na picha. Iache, tafuta nyingine.

Buluu ya ziwa imetoka zambarau

Kioo hutengeneza rangi kwa mwanga wa nyekundu, kijani na buluu, yaani RGB. Mashine ya ofseti, ile kubwa ya kiwandani inayochapa kwa plati, huzitengeneza kwa wino nne: siani, majenta, njano na nyeusi, yaani CMYK. Zipo rangi za mwanga ambazo wino hauzifikii, na buluu kali inaongoza orodha. Buluu ya RGB 0, 0, 255 ikigeuzwa na mipangilio ya kawaida ya Photoshop huangukia karibu siani 88 na majenta 77. Majenta ikikaribiana hivyo na siani, karatasi inaonyesha zambarau. Shusha majenta ibaki pungufu ya siani kwa angalau pointi 30. Siani 100 na majenta 60 hutoa buluu inayoaminika. Kijani cha kung'aa na lile chungwa la jua linapozama nyuma ya Jiwe la Bismarck pale Mwanza navyo hupoa. Usimwahidi mteja rangi ya kioo cha simu. Geuza kuwa CMYK mapema, mwonyeshe nakala moja kwenye karatasi ileile itakayotumika, ndipo uchape zilizobaki.

Hayo ni ya ofseti. Kwa printa za wino au leza za steshenari, mara nyingi ni bora kupeleka RGB ya sRGB (aina ya kawaida ya simu na tovuti) na kuiacha printa igeuze yenyewe. Muulize mchapaji kwanza. Kugeuza mara mbili kunachafua rangi.

Maandishi madogo meusi yawe nyeusi 100 peke yake, wino nyingine sifuri. Yakitengenezwa kwa wino zote nne, plati zikihama hata sehemu ya kumi ya milimita kila herufi inapata kivuli cha rangi. Wino ukizidi pia ni tatizo: jumla ya asilimia za wino nne mahali pamoja isipite 300 kwenye karatasi ya kung'aa, na iwe karibu 240 kwenye karatasi ya gazeti. Zaidi ya hapo wino haukauki, na wino wa karatasi moja unahamia mgongoni mwa iliyolala juu yake.

Kinyume chake hutokea pia. Kazi iliyokwisha kuchapwa inapakiwa kwenye tovuti ikiwa JPEG ya CMYK, rangi zinakuwa za ajabu kwenye baadhi ya simu, na programu nyingine zinagoma kabisa kuifungua. Geuza kuwa sRGB kabla ya kupakia.

Ukurasa wa tovuti unamaliza bando

Chukua tovuti ya nyumba ya wageni ya Capri Point yenye picha sita za vyumba, kila moja 4000 × 3000 na MB 4. Mgeni anapakua MB 24 ili aone picha ambazo ukurasa unazionyesha kwa upana wa 800. Anaondoka kabla ya ya pili kumalizika.

Kwenye tovuti DPI haina maana yoyote: picha ya pikseli 800 ni ya pikseli 800, iwe imeandikwa 72 au 300. Angalia nafasi ambayo picha itakaa, zidisha upana wake mara mbili kwa ajili ya skrini zenye pikseli nyingi, na uipunguze picha yenyewe hadi hapo. Kwa nafasi ya 800 ni 1600. Kisha ihifadhi kama JPEG ya ubora wa 75 hadi 80, au kama WebP, ambayo vivinjari vyote vikubwa vya leo vinaifungua na kwa kawaida huwa nyepesi kuliko JPEG. Lenga KB 100 hadi 250 kwa picha kubwa, na chini ya KB 40 kwa zile ndogo za orodha. Kuivuta picha kwa pembe ndani ya programu ya kujengea tovuti kunapunguza inavyoonekana tu, uzito unabaki.

Usitumie namba moja kwa picha zote. Mbingu na maji tulivu hubanwa kirahisi, ubora wa 70 unatosha. Lakini picha ya dagaa walioanikwa ina maelfu ya mistari myembamba ya fedha, na JPEG haina cha kutupa bila kuonekana. Kwa ubora wa 60 dagaa hugeuka uji wa kijivu, vichwa na mikia havitenganishiki. Iache 80 au 85, ikubali kuwa nzito, au kata picha ibaki kipande kidogo cha mkeka chenye samaki wanaohesabika.

Picha ya kamera ikihifadhiwa kama PNG ndiyo balaa lenyewe. PNG haitupi kitu, hivyo ile ya 4000 × 3000, ambayo ghafi yake ni MB 36, inaweza kubaki na zaidi ya MB 15. PNG ni ya nembo, michoro na skrinshoti zenye maandishi. GIF ina rangi 256 tu, na machweo yakipita humo mbingu inakatika mistari mistari.

Kama ukurasa unarukaruka wakati picha zinaingia, andika width na height za kila picha kwenye msimbo wake wa HTML, na kwa zilizo chini ya skrini ya kwanza ongeza loading="lazy" ili zipakuliwe msomaji anapozikaribia.

Faili halifunguki, au picha imelala

Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone huhifadhi picha kama HEIC. Kompyuta na programu za zamani hazijui ni kitu gani. Kwenye simu nenda Settings, Camera, Formats, chagua Most Compatible. Zitakazopigwa baada ya hapo zitakuwa JPEG. Zilizokwisha kupigwa zigeuze kwa ubora wa juu. WebP nayo husumbua programu za zamani za kusanifu, kwa hiyo iachie tovuti. Kwa mchapaji peleka TIFF, au JPEG iliyohifadhiwa mara moja kwa ubora wa 90 na zaidi, au PDF.

Picha iliyosimama kwenye simu ikilala kwenye kazi, simu iliandika "igeuze" ndani ya faili bila kuzigeuza pikseli, na programu yako haisomi maandishi hayo. Ifungue kwenye programu nyingine, izungushe, ihifadhi.

Mstari mweupe ukingoni

Kisu cha kukatia hakipigi mahali palepale kila mara. Picha inayofika mwisho wa karatasi ivuke ukingo kwa milimita 3 kila upande: A5 iwe milimita 154 × 216, yaani pikseli 1819 × 2551. Maandishi yakae ndani, walau milimita 5 kutoka mahali pa kukata.

PDF ya vyeti ni nzito, mfumo unaikataa

Mifumo ya maombi ya kazi na zabuni huweka kikomo cha uzito, na Gmail inaishia MB 25. Cheti kikiskaniwa kwa rangi na 600 kinaweza kuzidi hapo peke yake. Ukurasa wa maandishi matupu skani kwa 300, nyeusi na nyeupe pasipo kijivu. Unakuwa mwepesi sana na herufi zinabaki kali. Ukurasa wenye muhuri wa buluu au saini unahitaji rangi, na 200 inatosha: A4 ni pikseli 1654 × 2339, ibanwe kwa JPEG ya wastani ndani ya PDF. Ikizidi bado, shuka hadi 150, usiende chini yake. Kabla ya kutuma, fungua PDF kwa 100% na usome tarehe iliyo ndani ya muhuri. Isiposomeka, ongeza ubora wa JPEG kwanza, ndipo upandishe rezolusheni.